Mwongozo wa Kununua Krokete na Kusugua Meno ya Mlinzi wa Lango

Mtu wa Likasi anajua kwamba jiwe la kijani bado si pesa. Malakiti inaweza kung'aa hadi ikakushawishi, lakini mnunuzi hatoi hata franka moja kabla ya kupima shaba iliyomo ni asilimia ngapi. Busara hiyo tumeirithi kwa baba na babu waliofanya kazi kwenye kampuni ya madini ya Gécamines na kwenye viwanda vya Shituru. Ajabu ni kwamba tukifika mbele ya mfuko wa krokete, yaani kile chakula kikavu cha mbwa, busara yote tunaiacha mlangoni kwa muuzaji. Tunatazama picha na rangi, tunalipa, tunabeba.

Kwa hiyo, wewe mwenye mbwa hapa Kikula, Likasi, mwongozo huu unakutaka ufanye mambo mawili tu: geuza mfuko, kisha inua mdomo wa mbwa.

Hatua ya 1: Mpe mgongo mbwa wa kwenye picha

Mbwa wa kwenye picha anameremeta, na hajawahi kukesha kwenye ua wowote wa Kikula. Hana ushahidi wa kutoa. Muuzaji naye atakusifia mali yake: "Papa, kamata hii, iko muzuri. Imbwa za Bulaya njo zinakulaka." Mjibu kwa heshima: "Aksanti, Mama. Acha nisome nyuma."

Nyuma tafuta kwanza maneno "aliment complet". Maana yake ni kwamba chakula hicho peke yake kinamtosha mbwa kila siku. Ukikuta "aliment complémentaire", hicho ni cha kuongezea tu, na mbwa akikila peke yake atapungukiwa. Kama mfuko umetengenezwa Afrika Kusini, tafuta namba inayoanza na herufi V. Hiyo ni namba ya usajili chini ya Sheria namba 36 ya mwaka 1947 ya nchi hiyo. Mfuko usio na namba, tarehe wala jina la mtengenezaji uache hapohapo ulipo.

Hatua ya 2: Pima kama unavyopima jiwe

Orodha ya viungo huanza na kilicho kizito zaidi wakati wa kuchanganya. Kama mahindi ndiyo ya kwanza na nyama inatokea mwishoni, umeshika bukari, yaani ugali, iliyokaushwa, na bukari unayo nyumbani kwa bei nafuu. Kuwa makini pia na maneno ya mbele. Kwa taratibu za Ulaya, mfuko ulioandikwa "au bœuf" unaweza kuwa na ng'ombe asilimia 4 tu.

Kisha soma tarakimu. Viwango vya AAFCO, shirika la Marekani linaloshughulikia vyakula vya wanyama, vinataka protini isipungue asilimia 18 kwa mbwa mzima na 22.5 kwa mtoto anayekua. Mafuta yasipungue 5.5 kwa mkubwa na 8.5 kwa mdogo. Hesabu hiyo ni ya chakula kikiondolewa maji.

Ukikuta "cendres brutes", yaani majivu, usishtuke. Hakuna aliyetia jivu la makala humo. Maabara huchoma sampuli mpaka yabaki madini matupu, kalsiamu na fosforasi na wenzao, halafu huyapima. Mtu wa Shituru hahitaji kuelezwa zaidi.

Hatua ya 3: Nusa, kisha hesabu

Krokete zinazouzwa kwa kilo kutoka mfuko ulioachwa wazi huharibika mafuta. Zikinuka kama mafuta ya kukaanga yaliyolala wiki, usinunue. Ukiona ukungu, hata kidogo, usichambue ukidhani utaokoa zilizobaki. Ukungu wa mahindi na karanga unaweza kutoa sumu ya aflatoksini, inayoharibu ini. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mbwa ni miongoni mwa wanyama inaowadhuru upesi. Kwa sababu hiyohiyo, unga uliooza ambao mama wa nyumba ameukataa usiupeleke kwenye bakuli la mbwa.

Mbwa mzima wa kilo 20 hula karibu gramu 300 za krokete kwa siku, kutegemea aina ya chakula na kazi yake. Mfuko wa kilo 15 basi utakaa siku 50 hivi. Msimu wa mvua, mfuko uweke pamoja na krokete zake ndani ya pipa lenye kifuniko, juu ya mbao, mbali na unyevu wa sakafu.

Na kama mfuko umekushinda bei, usione haya. Wengi wetu tunalisha bukari. Iongezee dagaa wakavu, wale kapenta, waliooshwa na kuchemshwa, maana mifupa yao midogo huleta kalsiamu. Yai au utumbo uliochemshwa vizuri pia hufaa. Mchuzi wa vitunguu mnyime kabisa, kwa kuwa kitunguu huvunja chembe nyekundu za damu yake. Makayabu, yule samaki wa chumvi, naye ana chumvi nyingi mno.

Hatua ya 4: Inua mdomo

Tangu Mmarekani James Spratt aanze kuuza biskuti za mbwa London miaka ya 1860, watu wameamini kwamba chakula kigumu husafisha meno. Hebu jiulize ni nani hapa Kikula anayepiga mswaki kwa biskuti. Krokete nyingi hupasuka jino likizigusa tu, na pale kwenye ufizi hazifiki.

Mbwa mzima ana meno 42. Utando laini unaojijenga juu yake huanza kugeuka jiwe ndani ya siku chache, na jiwe hilo haling'oki kwa mswaki. Ndiyo maana inafaa kusugua kila siku, au angalau siku moja baada ya nyingine.

Anza polepole. Siku za kwanza gusa midomo tu, kisha msifu. Baadaye funga kitambaa safi kidoleni, kichovye kwenye mchuzi wa dagaa usio na chumvi, upitishe juu ya ufizi. Akizoea, chukua mswaki laini wa mtoto. Huna haja ya kupanua taya. Inua mdomo pembeni na usugue upande wa nje, hasa meno makubwa ya nyuma ya taya la juu, kwa sababu hapo mate humwagika na jiwe hujijenga mapema. Nusu dakika kila upande inatosha.

Dawa yako ya meno ibaki yako. Mbwa hajui kutema, na zile zenye ksilitoli zinaweza kumuua. Maji matupu yanatosha, kwani kazi hufanywa na mswaki. Makala na mchanga hukwaruza jino. Mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha, na mfupa mgumu sana hupasua meno ya nyuma. Kitu cha kutafuna kibonyeze kwa ukucha wa kidole gumba: kisipobonyea, ni kigumu mno.

Hatua ya 5: Ujue mkono wako uishie wapi

Harufu kali, ufizi mwekundu, damu, kutafuna upande mmoja: hizo ni dalili za ugonjwa. Usichokoe kwa kisu. Jiwe huondolewa na daktari wa mifugo, mbwa akiwa amelazwa kwa dawa. Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mwendo wa kilomita 120 hivi kutoka kwetu, kina kitivo cha tiba ya wanyama. Ulizia huko.

Na hili ulishike kuliko yote. Mbwa akianza ghafla kudondosha mate, taya likalegea, akashindwa kumeza, usiingize mkono ukidhani amekwamwa na mfupa. Huenda ni kichaa cha mbwa, na ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa mtu huua karibu kila mara. Aking'ata mtu, kidonda kioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Chanjo ya mbwa itangulie mswaki.

Mbwa wetu hulala nje ili sisi tulale ndani. Jino likimuuma hawezi kulitaja. Ataendelea kubweka gizani na kula upande mmoja. Leo jioni, kabla hujafunga lango, chuchumaa karibu naye umwinue mdomo. Utajua mwenyewe utaanza na hatua ipi.