Sifa za Kufuli la Tasnifu

Washairi wamekwisha kumsifu simba, na mwezi, na jahazi lenye tanga jeupe, wala hapana aliyekumbuka kulisifu lile kufuli dogo la kijivu lichorwalo ubavuni mwa jina la tasnifu katika hazina za kidijitali za vyuo vyetu vikuu. Nami, mkazi wa Lushoto, niliyeketi kulitazama usiku kucha ilhali ukungu unashuka kutoka Magamba na mtandao unakuja na kuondoka mithili ya mgeni asiyependa chai, nimeona ni dhuluma kufa na deni hilo.

Fadhila yake ya awali ni uadilifu, kwani profesa wa chuo cha pili na mlima kabichi wa Mlalo huzuiwa kwa adabu moja. Tasnifu niliyoitafuta ni ya mmomonyoko wa udongo katika vilima hivi hivi. Mwanafunzi wa chuo ambacho sitakitaja alikuja na koleo, akachota udongo wa shamba la jirani yangu katika vifuko vya plastiki, akaandika namba juu ya kila kimoja, akamhoji mzee wa watu tangu asubuhi hata jua la utosi, akanywa chai, akaaga. Kazi ikaandikwa, ikatahiniwa, ikahifadhiwa. Kufuli limeniruhusu kuisoma ikisiri, ambayo sentensi yake ya mwisho inausia kwa mkazo kwamba matokeo haya yawafikie wakulima. Na hapo ndipo ruhusa yangu ilipokoma.

Wala asidhani mtu kwamba jambo hili ni bidaa ya zama zetu. Wadachi walipoanzisha kituo chao cha utafiti huko Amani mwaka 1902, wakapanda miti ya kila bara, waliyaandika waliyoyaona kwa Kidachi, na lugha ile ikawa kufuli tosha lisilohitaji umeme. Kabla ya hapo Walter von Saint Paul-Illaire alikwisha mpelekea babaye Ulaya ua la zambarau la nchi hii, na mwaka 1893 Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Ua lile halikuulizwa neno la siri mpakani, na leo limejaa madirishani mwa watu wasioijua Usambara hata kwa ndoto. Ama karatasi zilizoandikwa juu yake, hizo zina haya zaidi: nyingi hukaa nyuma ya malango ya majarida ya ng'ambo, na atakaye kuzisoma hali amesimama kando ya mwamba lilikoota ua lenyewe hutakiwa kulipa dola.

Kuna wenye pupa waliotoa Azimio la Budapest mwaka 2002, wakitaka maandiko ya utafiti yasomwe na kila mtu bila malipo wala kizuizi. Hawakumfikiria msomi wetu, ambaye kufuli kwake ni hirizi: anahofu kuibiwa kazi, anahofu jarida litaikataa makala iliyokwisha onekana, tena haki zenyewe alikwisha wapa wachapishaji kwa saini ya haraka. Hawakumfikiria mkutubi, anayengoja hati ya idhini kutoka kwa mwandishi aliyebadili namba ya simu. (Siri za wagonjwa na zifungwe; hilo silifanyii mzaha.) Na hata penye kazi iliyoachwa wazi, kufuli lina ndugu zake waaminifu, yaani kiungo kiletacho ukurasa mtupu, na faili la kurasa zilizopigwa picha kichwa chini, zito kiasi cha kumaliza bando la wiki.

Jumapili jirani alipita.

"Mwalimu, ule udongo wangu ulisemaje?"

Nikamsomea jina la tasnifu, refu kama barabara ya Mombo, nikamfasiria na ikisiri. Akasikiliza, kofia mkononi.

"Kwa hiyo shamba langu limo humo?"

"Limo, mzee."

"Na mimi nimo?"

"Umo. Umeitwa mhojiwa."

Akaomba kuona. Nikamgeuzia simu, naye akaisogeza karibu na jicho, akalikagua lile kufuli kwa utulivu wa mtu anunuaye jembe, kisha akasema kwamba la ghala lake la viazi ni kubwa kuliko hilo, na ufunguo wake anao mfukoni.