Sifa za Upara, Mfanyakazi Asiye na Siri

Washairi wetu wameusifu mnazi, wameisifu jahazi, na kila uchaguzi ukikaribia hawakosekani wa kuwasifu wagombea. Upara watetezi wake ni wachache. Mkubwa wao ni Synesius wa Cyrene, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Libya. Yapata mwaka 400 baada ya Kristo alimjibu Dio Chrysostom, aliyekuwa amezisifu nywele, kwa kuandika kitabu kizima cha kukisifu kichwa kisicho nazo. Baadaye akafanywa askofu. Nami, kwa kichwa kinachonipa haki zote za kuandika haya, naipokea kazi ya Mwafrika mwenzangu na kuipeleka mahali ambapo yeye hakupajua: ofisini.

Asifiwaye huanziwa na ukoo wake. Upara ni mtoto wa homoni ya kiume, testosteroni, ambayo mwili huigeuza kuwa dihidrotestosteroni, na hiyo ndiyo huvisinyaza vishina vya nywele kwa waliorithi hali hiyo. Upande wa baba huwatupia lawama wajomba, na kwa kiasi hawakukosea: jeni moja muhimu iko kwenye kromosomu X, ambayo mwanamume huipata kwa mama yake. Lakini jeni nyingine hutoka pande zote mbili. Shangazi anayewacheka wajomba arusini aitafute kwanza picha ya babu mzaa baba.

Malezi yake nayo ni mema. Upara hauvamii. Huanzia pajini au utosini, ukarudi nyuma taratibu kama maji yanavyokupwa, ukimwachia mwenyewe miaka ya kutosha ya kujidanganya.

Sasa tuutazame kazini. Ofisi ni nyumba ya siri. Mhasibu ana mkopo ambao mkewe haujui. Yule wa masjala ameshapeleka barua za maombi kwa washindani wetu. Mkuu wa idara ana umri wa kwenye cheti na umri wa kweli, na umri huo wa aina mbili haujawahi kukutana. Katika jengo zima, upara peke yake ndio usioficha kitu. Huingia mlangoni kabla ya mwenyewe, hauna ajenda ya pembeni, na aliyeketi nyuma kikaoni huisoma taarifa yake yote bila kuomba nakala.

Tena ni mfanyakazi anayempandisha mwenziwe cheo bila barua ya uteuzi. Kijana mwenye upara akifuatana na bosi wake mwenye nywele kwenda kumwona mteja, shikamoo huenda kwa kijana. Bosi hubaki amesimama na mkoba wake, akingoja kutambulishwa.

Maadui wa upara wamejaa kwenye vitabu vya historia, na wote waliishia kuutangaza. Suetonius anasimulia kwamba Julius Caesar alizichana nywele zake kuelekea mbele ili kufunika pengo, na kwamba katika heshima zote alizopewa na Warumi hakuna aliyoifurahia kuliko haki ya kuvaa taji la majani wakati wowote. Leo hata mwanafunzi anajua taji lilifunika nini. Mfalme Louis wa 13 wa Ufaransa nywele zilimtoka angali kijana, akavaa wigi, na wakuu wa Ulaya wakaiga. Mtindo ukavuka hadi Uingereza, ukatua juu ya vichwa vya majaji, na wakoloni wakauleta mpaka Nairobi ukiwa umeshonwa kwa singa za farasi. Jaji Mkuu Willy Mutunga aliuondoa mwaka 2011. Yaani upara wa kijana mmoja wa Ufaransa katika karne ya 17 uliwatoa jasho majaji walio karibu na ikweta hadi karne ya 21. Angewaambia tu watumishi wake ukweli, majaji wetu wangepata hewa.

Siku hizi mbinu zimeongezeka. Kuna minoksidili, iliyoanza kama dawa ya shinikizo la damu, wagonjwa wakaota nywele wasizoziomba, na mwaka 1988 Marekani ikaidhinisha ipakwe kichwani. Ukiacha kuipaka, nywele nazo huacha kazi. Kuna safari ya Uturuki, ambako nywele za kisogoni huhamishiwa mbele. Mtu huaga anakwenda likizo ya kawaida, akarudi na paji jipya, na ofisi nzima ikampa pole ya safari bila kumtazama usoni. Kuna kofia ya Ijumaa inayoendelea kuvaliwa hadi Alhamisi. Na kuna wale wanaozichukua nywele za juu ya sikio la kushoto na kuzivusha hadi la kulia. Hao adui yao ni feni ya dari. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mficha upara, feni humuumbua.

Kwa hiyo sifa zangu kubwa nimeuwekea upara uliotangazwa. Ngoja chai ya saa nne, watu wakiwa na vitumbua mkononi, useme: “Jamani, nywele zangu zimestaafu kwa hiari kabla ya miaka 55. Hazikutoa notisi wala hazikudai mafao. Mimi bado nipo kazini.” Watacheka sana, maana walikuwa wanangoja ruhusa. Keshoye utani utakuwa umechacha, kwa sababu ulioutoa wewe mwenyewe hauna tena wa kumuumiza. Na kabla ya wiki kwisha kuna atakayekufuata kwenye ngazi, atazame huku na huku, kisha avue kofia.

Mpinzani atasema utani wa ofisini hauna mwisho. Ni kweli, na upara una kumbukumbu ya kutisha juu ya hilo. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, vijana walimkejeli nabii Elisha kwa kichwa chake, wakatoka dubu wawili na kuwararua 42 kati yao. Ofisi zetu hazina dubu, zina Idara ya Rasilimali Watu, ambayo haina meno hayo. Lakini mwaka 2022 baraza la migogoro ya kazi nchini Uingereza liliamua kwamba msimamizi aliyemtukana fundi kwa kuutaja upara wake alimnyanyasa kijinsia, kwa kuwa hali hiyo huwapata zaidi wanaume. Wajumbe watatu waliosikiliza shauri hilo walikuwa wanaume, na wenyewe walikiri kwamba jambo hilo wanalijua.

Hapa sifa zangu lazima zipunguze mwendo. Upara wa mwanamume hupewa shikamoo. Wa mwanamke hupewa minong’ono. Wako ofisini dada zetu ambao misuko ya kukazwa imewamaliza nywele za pajini, ambao dawa za saratani zimewatoa zote, au ambao kinga ya mwili imeshambulia vishina bila sababu wanayoijua. Mbunge wa Marekani Ayanna Pressley aliingia bungeni na wigi Desemba 2019, saa chache baada ya nywele zake za mwisho kutoka. Mwezi uliofuata akajitokeza hadharani bila hilo wigi. Alisema alipotaka na kwa namna aliyoitaka. Uwazi hauna thamani ukitolewa kwa kulazimishwa, na anayevaa kilemba chake hadi siku ya kustaafu hajamdanganya mtu yeyote.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa na upara wako utangaze, maana tayari tumeuona. Upara wa mwenzako usiuone mpaka akuonyeshe mwenyewe. Ukiwa bosi, usimwulize mtu kwa nini amebadili kilemba au amenyoa. Na kama bado una nywele, zichane kwa adabu kila asubuhi: hazijasaini mkataba wa kudumu.