Safu ya Maoni

Siku niliyoajiriwa nilikabidhiwa vitu vitatu: ufunguo wa ofisi, kitambulisho chenye picha ya mtu aliyekaribia kupiga chafya, na kijitabu cha kurasa 22 kuhusu matumizi yanayokubalika ya kompyuta, mtandao na barua pepe za chuo. Kijitabu kilikuwa cha Kiingereza, tena si kile cha kuombea maji. Kilikuwa Kiingereza cha wanasheria, ambacho sentensi inaanza asubuhi na kufika mwisho baada ya chai ya saa nne. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mahali pa kusaini, chini ya maneno: nimesoma, nimeelewa, nitazingatia. Nikasaini. Nikawa nimedanganya mara tatu kwa kalamu moja, mbele ya Afisa Utumishi aliyekuwa akiangalia saa.

Leo kijitabu kile kina toleo jipya, na toleo jipya lina kifungu cha 7(d). Jina langu halimo, wala halihitajiki. Pale chuoni (sikitaji, bado nakihitaji kila tarehe 24) hata mlinzi wa getini anakiita kifungu cha mwalimu.

Nisije nikaonekana mhalifu aliyeanza na kosa kubwa. Nilianza na madogo, kama kila mtu. Mfumo wetu ulikuwa unadai paswedi mpya kila baada ya siku 90, na iwe na herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama ambayo hujawahi kuitumia maishani. Nikaanza na majina ya watoto. Ninao wanne, kwa hiyo mwaka ulipokwisha na watoto walikuwa wamekwisha. Nikahamia kwa shemeji. Nilipofika kwa binamu wa Kahama nikawa sikumbuki tena tumo kwenye ukoo gani, nikaandika kwenye kikaratasi cha njano nikakibandika chini ya kibodi. Kisha nikaona kuinua kibodi kila asubuhi ni usumbufu, nikakihamishia kwenye kioo cha kompyuta. Wanafunzi waliokuja kuulizia alama zao walikuwa wakiisoma paswedi yangu huku wakinisubiri nimalize kuongea na simu.

Kanuni ile, nilikuja kujua baadaye, ina mzee wake. Mmarekani Bill Burr, wa taasisi ya viwango ya kwao iitwayo NIST, aliandika mwaka 2003 mwongozo wa paswedi ambao dunia nzima iliunakili, pamoja na hilo la kubadilisha kila mara na kuchomeka alama. Mwaka 2017, akiwa amestaafu, aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba mengi ya aliyoyaandika anayajutia, na mwaka huohuo taasisi yake ikaacha kushauri watu walazimishwe kubadilisha paswedi bila sababu. Majuto hayo hayajafika chuoni kwetu. Nadhani yamekwama masijala.

Kulikuwa pia na kifungu kinachoruhusu matumizi binafsi ya mtandao, mradi yawe ya kiasi. Kiasi! Mwambie mtu aonje mboga kiasi uone kama wageni watakuta kitu chunguni. Mwenzangu wa ofisi ya pili, kwa kiasi, alishusha tamthilia ya Kituruki yenye sehemu zisizohesabika, akawa anazigawa kwa flashi idara nzima. Flashi hiyo ilikuwa na virusi vile vya kugeuza kila folda kuwa shotikati, kwa hiyo idara nzima ikapata tamthilia na ikapoteza mitihani ya majaribio. Na siku ya Simba na Yanga ikiangukia siku ya kazi, mtandao wetu hutambaa kama kobe mwenye mimba. Mkutubi anakwambia kuna tatizo la kitaalamu. Huku nyuma ya kaunta unasikia mtangazaji akipaza sauti.

Sasa tuje kwenye 7(d).

Mpwa wangu, mtoto wa dada, alikuwa anaagwa, na mimi nilikuwa mwekahazina wa kamati ya sendofu. Kamati ilikuwa na watu wanane, sita kati yao wafanyakazi wenzangu. Kundi letu la WhatsApp lilikuwa limeshafukiwa na picha za maua zenye maneno ya kutakiana asubuhi njema, na kila nikituma hesabu watu walikuwa hawajaziona. Mwenyekiti akasema tutumie barua pepe, kitu rasmi, kitu chenye kumbukumbu. Kumbukumbu tukapata.

Nilikuwa nimetengeneza jedwali zuri la Excel. Jina, namba ya simu, ahadi, alicholipa, kilichobaki. Na mwishoni kabisa, safu ya maoni. Safu hii ilikuwa ya kwangu, ya kunisaidia kujua nani afuatwe lini na kwa sauti ipi. Niliandika humo kama mtu anavyojiandikia mwenyewe. Kwa mkuu wa idara moja: "Huahidi kwa kipaza sauti, hulipa kwa kunong'ona." Kwa mhasibu: "Kesho, kesho. Akamatwe tarehe 24 kabla mkewe hajamfikia." Kwa dada wa maabara: "Amelipa yote. Ajaribiwe kuongezwa." Kwa Naibu Mkuu wa Chuo, aliyeahidi shilingi 20,000: "Elfu ishirini! Na gari lile!"

Ijumaa, saa tisa alasiri, nikaambatisha jedwali, nikaambatisha na bango lenye picha ya bibi harusi mtarajiwa, likiwa na uzito wa MB 9 kwa sababu mpiga picha alitaka kila lulu ionekane. Kwenye anwani nikaanza kuandika jina la kikundi nilichokuwa nimekitengeneza, wanakamati. Nilipofika "wa", kompyuta, kwa ukarimu wake, ikanimalizia. Nikakubali bila kusoma, kama nilivyokubali kijitabu. Ilikuwa imeandika wafanyakazi-wote.

Wafanyakazi wote ni watu 312. Naibu Mkuu ni mmoja wao.

Dakika tano za kwanza palikuwa kimya, na mimi nilikuwa nakunywa chai. Kisha nikasikia printa ya katibu muhtasi ikianza kutoa karatasi, na haikuacha. Kisha kicheko upande wa uhasibu, kikakatika ghafla, kama cha mtu aliyefika kwenye jina lake mwenyewe. Nikafungua kisanduku changu. Barua ya kwanza ilitoka kwa mwenyekiti wa kamati, ina neno moja: "Mwalimu."

Nikakumbuka kuna kitufe cha kurudisha barua uliyokwisha kuituma. Nikakibonyeza. Msomaji, kama hukijui kitufe hiki, usikijue. Kazi yake ni kumpelekea kila mtu barua nyingine inayosema kwamba fulani angependa kuirudisha barua yake ya awali. Waliokuwa hawajaifungua wakaifungua wote.

Ndipo majibu yakaanza, na orodha yetu ilikuwa imepangwa hivi: jibu lolote linarudi kwa wote. Mmoja akaandika, "Naomba nitolewe kwenye orodha hii." Wengine kumi na moja wakaandika, "Na mimi." Mwingine akaandika kwa herufi kubwa, JAMANI ACHENI KUWAJIBU WATU WOTE, akawapelekea watu wote. Fundi bomba akanipongeza kwa kupata mchumba. Mama mmoja wa mabweni, ambaye nadhani hakufungua kiambatisho, akatoa pole kwa msiba na kuuliza mazishi ni lini. Dereva wa basi la chuo akajitetea kwa unyenyekevu: "Mwalimu, mimi ulisema nisubiri nauli za likizo." Na kuna mtu, sijamjua hadi leo, aliyelifowadi jedwali lenyewe kwa watu wote walewale kwa maelezo kwamba huenda wapo ambao hawakulipata.

Yote hayo yangepita. Lililotumaliza ni wafanyakazi wawili waliokuwa safarini kikazi, kila mmoja akiwa ameacha jibu la kujituma lenyewe: "Nipo nje ya ofisi mpaka tarehe 19." Jibu la wa kwanza likaenda kwa wote, likamfikia wa pili. La wa pili likaenda kwa wote, likamfikia wa kwanza. Mashine mbili zikakaa zinaamkiana mbele ya watu 312, kila moja ikimweleza mwenzake kwamba mwenyewe hayupo. Na bango la MB 9 mara watu 312 ni karibu GB 2.8, achilia mbali lile la msamaria wa kufowadi. Saa kumi na robo seva ikalala. Ilikuwa siku ya mwisho ya kuingiza matokeo ya muhula.

Kijana wa TEHAMA alikuja ofisini kwangu akiwa na kompyuta mpakato kwapani na sura ya daktari anayetoka chumba cha upasuaji. Nilimfundisha huyu, Stadi za Mawasiliano, mwaka wa kwanza. Nilimpa C.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, baba. Mtandao una matatizo gani leo?"

Akanitazama kwa huruma kubwa. "Mwalimu, mtandao hauna tatizo."

Akakaa. Akanieleza, taratibu, kwa mifano, kama nilivyokuwa nikimweleza yeye namna ya kuandika barua ya kikazi. Kwamba ile "nakala" ya barua pepe imetokana na karatasi ya kaboni ya mashine za chapa, na kwamba ipo nakala nyingine iliyofichwa, ambayo mpokeaji haoni wenzake, na ukiwaweka watu wengi huko hawawezi kujibizana hata wakitaka. Kwamba vifaa na barua za chuo ni mali ya chuo. Kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inataja ujumbe usioombwa. Na kwamba ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kwamba majina, namba za simu na madeni ya watu si vitu vya kumwaga uani.

"Na safu ya maoni?" nikauliza.

Akafikiri. "Ile sijui iko sheria gani, mwalimu. Lakini ya mhasibu imenifurahisha."

Kabla hajaondoka alinipa faraja moja, na ninaitunza. Novemba 2016, kwenye shirika la afya la taifa la Uingereza, NHS, mtu mmoja alituma barua ya majaribio ikafika kwa bahati mbaya kwenye akaunti zaidi ya 800,000. Nao, wenye hospitali na madaktari na wataalamu, walifanya vilevile: wakajibu kwa wote wakiomba watu waache kujibu kwa wote, mpaka mfumo wa nchi nzima ukawa mzito. Nililala na takwimu hiyo. Mimi ni 312 tu.

Jumatatu nilipata barua ya kutakiwa kutoa maelezo kwa maandishi. Niliyatoa, kurasa mbili. Aya ya kwanza niliilaumu kompyuta kwa kunimalizia maneno, Afisa Utumishi akaifuta mbele ya macho yangu. Nikaonywa. Nikapelekwa kwenye semina ya siku moja ambayo mkufunzi wake alikuwa kijana wa TEHAMA, na mwishoni palikuwa na jaribio. Nilipata C. Hakusema kitu, na mimi sikusema kitu.

Kubwa lililobadilika ni kwamba sasa ofisi mbili tu ndizo zinazoweza kuandika kwa wafanyakazi wote, na kijitabu cha kurasa 22 kimetolewa muhtasari wa ukurasa mmoja wa Kiswahili uliobandikwa juu ya printa. Hilo lingefanyika siku niliyoajiriwa, mengi yasingetokea, na nilisema hivyo kwenye maelezo yangu, ukurasa wa pili. Kifungu cha 7(d) kinasomeka hivi: mfanyakazi haruhusiwi kutumia barua pepe ya chuo kuchangisha harusi, sendofu, kipaimara, maulidi au shughuli nyingine ya kijamii, wala kutunza katika kompyuta ya chuo maoni kuhusu tabia ya ulipaji ya mwenzake.

Kuna jambo ambalo halimo kwenye kifungu, na kamati imeniomba nisiliseme kwa sauti. Kufikia Jumatano ya wiki ile, ahadi zote zilikuwa zimelipwa. Zote. Mkuu wa idara alilipa mara mbili, na nikamrudishia moja. Mhasibu hakungoja tarehe 24. Watu ambao hawakuwamo kwenye jedwali walileta michango yao ofisini wakiomba waandikwe na wakichungulia ninachoandika. Naibu Mkuu alimtuma dereva na bahasha ya shilingi 100,000. Ndani palikuwa na kikaratasi cha njano, mwandiko wake mwenyewe: "Gari ni la mkopo."

Sendofu ilifana. Harusi yenyewe ni Desemba, na mimi bado ni mwekahazina. Kama upo kwenye orodha, kadi yako utaletewa kwa mkono.