Kama Pesa Si Tatizo

Maelekezo yanaanza hivi: tafuta mahali tulivu, zima simu, funga macho, vuta pumzi ndefu mara tatu, kisha jiulize wewe ni nani. Aliyeyaandika hajawahi kulala Tabata. Kwetu alfajiri inaanzishwa na jogoo wa jirani, ambaye hana adabu wala saa. Anapokelewa na mpangaji wa chumba cha mbele anayepiga mswaki kwa kukohoa mtaa mzima. Jua likishatoka anapita kijana wa vyuma chakavu na kipaza sauti chake, kinarudia tangazo lile lile mpaka unajikuta unaiangalia sufuria yako kwa jicho la kuiuza. Mahali tulivu ni chooni peke yake, na chooni nako ukizidisha kidogo mtu anagonga kuuliza kama umezirai.

Daftari lenye maelekezo hayo na maswali yake kaniletea mpwa wangu, binti wa dada yangu. Kamaliza chuo, na wakati anasubiri ajira anasaidia wazee kama sisi kujitambua. Alikwenda semina kwenye ukumbi wa hoteli moja, akatoka na fulana, kalamu na maswali ya kumwezesha mtu kugundua wito wake.

"Anko," akaniambia, "wewe unaishi tu. Huna pasheni."

Nikamwambia nina presha. Akasema si hiyo.

Mimi ni mtunza stoo kwenye kampuni moja ya vipuri Barabara ya Nyerere. Naisogelea miaka 55, umri ambao sheria inaniruhusu kustaafu kwa hiari, na ndiyo kwanza naambiwa nianze kutafuta nilichoumbiwa. Ningeambiwa haya nikiwa darasa la sita, pengine tungeelewana. Lakini mke wangu kaniangalia kwa lile jicho la "mtoto kakuletea kitu, hata asante?", basi nikachukua kalamu.

Swali la kwanza: ulipokuwa mtoto, ulipenda kufanya nini kabla dunia haijakuambia uache? Nilipenda kusukuma ringi la baiskeli kwa kijiti, kuiba maembe mabichi kwa mwalimu mkuu na kuyala kwa chumvi na pilipili, na kulala wakati wenzangu wanakwenda kuchota maji. Halafu dunia haikuniambia lolote. Aliyeniambia niache ni mama, na alitumia mwiko. Nikiyachukulia majibu hayo kwa uzito unaotakiwa, nchi hii imepoteza mwizi wa maembe wa daraja la juu.

Maswali ya namna hii si mageni. Marcel Proust, yule mwandishi Mfaransa, aliyajibu akiwa kijana mdogo kwenye daftari la rafiki yake wa kike, Antoinette Faure, ambaye baba yake alikuja kuwa Rais wa Ufaransa. Ulikuwa mchezo wa sebuleni wa watoto wa wakubwa. Na sisi bwenini tulikuwa na madaftari yetu ya kuagana kidato cha nne: chakula ukipendacho, rangi uipendayo, hobi. Kila mtu aliandika hobi yake ni kusoma, kusali na kubadilishana mawazo, hata wale ambao mwalimu wa zamu aliwatoa msituni na kidumu cha gongo. Hakuna aliyelichukua daftari lile akaenda kuacha kazi kwa ajili yake.

Swali jingine linauliza: watu huja kwako kuomba msaada gani? Daftari linaeleza kwamba wenzako hukiona kipaji chako kabla yako, hivyo chunguza wanakufuata kwa lipi. Nimechunguza. Wananifuata kwa hela. Shemeji kaja na ada ya mtoto. Jirani kaja na kadi ya mchango wa harusi, kiwango kimeshaandikwa humo humo, singo elfu hamsini, dabo laki moja, na namba ya kutumia chini yake ili usipate kisingizio. Fundi aliyekuja kuziba bomba alilipwa, akaaga, akarudi getini kuniomba nimwongezee ya vocha. Kwa kipimo hicho mimi ni benki, tena isiyodai dhamana wala riba, na wito wangu ni kufilisika taratibu.

Unamwonea nani wivu? Hapa sikufikiri. Fundi cherehani wa pale kona, chini ya mwembe. Mke wangu alimpelekea kitambaa kabla ya Pasaka, na kila akienda anaambiwa, "Mama, bado vifungo tu, njoo kesho." Anasema hivyo bila kuinua kichwa, na hakuna meneja wa kumwandikia barua ya kujieleza. Mimi nikichelewesha beringi moja kwa nusu saa napigiwa simu na watu watatu. Nikaandika: namwonea wivu mtu anayeweza kusema njoo kesho akabaki na wateja.

Kisha likaja swali kuu, lililopigiwa mstari mara mbili: kama pesa si tatizo, ungefanya nini na maisha yako?

Nimelikalia swali hili muda mrefu kuliko yote. Kila nikijaribu kuwaza pesa si tatizo, naishia kwenye mahesabu. Ningejenga nyumba ya mama kijijini. Haya, bati bei gani sasa? Ningelima matikiti Bagamoyo. Pampu, mipira, mlinzi, na mlinzi wa kumlinda mlinzi. Akili yangu haijui kuota ndoto isiyo na risiti. Siku nilipofumba macho vizuri nikaifikia ndoto safi, isiyo na gharama yoyote, nilijiona nimelala. Mke wangu akasema hata sasa nilikuwa nimelala, na nilikuwa nakoroma.

Kwenye semina, mpwa wangu anasema, kochi wao aliwaonyesha video ya Steve Jobs akiwahutubia wahitimu wa Chuo Kikuu cha Stanford mwezi Juni 2005, akiwasihi watafute wanachokipenda na wasiridhike mpaka wakipate. Hotuba nzuri, sibishi. Lakini marehemu alikuwa anaongea na vijana wa Stanford. Sisi kwenye mahafali yetu mgeni rasmi alituambia tujiajiri, makofi yakapigwa, kisha akapanda shangingi la serikali iliyomwajiri yeye.

Na wala tusidanganyane kwamba haya maswali ya kazi na wito yalianzia kwa watu waliokuwa wameshiba. Richard Bolles, mchungaji wa Marekani aliyeandika kile kitabu mashuhuri chenye jina la parachuti, kilichouza nakala zaidi ya milioni 10, alikuwa mwenyewe amepoteza kazi yake San Francisco. Mwaka 1970 alijichapia kijitabu kuwasaidia wachungaji wenzake waliokuwa wanapunguzwa. Wale watu walikuwa hawana mshahara mwezi unaofuata. Pesa ndiyo ilikuwa tatizo lenyewe, na ndiyo maana walikaa chini wakajiuliza wanaweza nini kingine. Sijui ni nani aliyechukua maswali ya mtu asiye na kazi akayageuza ya kumsumbua mtu mwenye kazi Jumapili mchana.

Nikamwambia mpwa wangu: mchukue Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Kusini, alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam, akafanya vibarua vya kila aina. Mwaka 1968 akaanza kuchora, kwa sababu alihitaji kula. Akatwaa vipande vya hadibodi na rangi za kupaka baiskeli, akachora chui na ndege, akawauzia wazungu Oysterbay. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi kwa makosa, akafa, na ile miaka minne tu ilitosha mtindo ubebe jina lake hadi leo. Hakuna aliyempa daftari.

"Lakini Anko, si unaona? Alipata pasheni yake!"

"Alipata wateja," nikamwambia. "Mapenzi yalikuja yameshakuta sufuria jikoni."

Shaaban Robert naye. Mtu anasikia jina hilo anadhani mzee alikuwa amekaa ufukweni Tanga na kalamu, upepo unampepea. Alikuwa karani. Kuanzia 1926 hadi 1944 alikuwa forodhani, anakagua mizigo ya watu, na alipotoka huko akahamia ofisi nyingine za serikali. Kusadikika ilipochapishwa mwaka 1951 bado alikuwa mtumishi. Naapa hakuna mkubwa wake wa kikoloni aliyewahi kumuuliza nini kinaufanya moyo wake uimbe. Angemuuliza, nadhani mzee angemjibu kwa adabu kwamba nyongeza ya mshahara.

Swali la tisa ndilo lililonikera, kwa sababu lilinipata. Ni kazi gani inakufanya usahau muda?

Nikaandika: hakuna. Mke wangu akachungulia begani kwangu, akasema, "Baba watoto, usimdanganye mtoto. Mwisho wa mwezi, wakati wa kuhesabu stoku, unarudi hapa saa nne usiku, chakula cha mchana kwenye kontena kama nilivyokifunga."

Hilo ni kweli, ila lina maelezo yake. Beringi si kitu cha kuhesabu kwa haraka. Chukua 6204, ile ya kawaida kabisa, iliyomo kwenye mota nyingi ndogo. Zile tarakimu mbili za mwisho, 04, ukizidisha kwa 5 unapata 20, ndiyo milimita za tundu lake. Kwa hiyo mteja akija na shafti mkononi hajui anachotaka, mimi napima shafti, nagawanya kwa 5, naingia ndani, narudi nayo. Yeye anadhani nimepiga ramli. Halafu kuna feki. Feki siku hizi zinakuja na boksi zuri kuliko la orijino. Unaitoa kwenye karatasi yake ya mafuta, unaishika ringi ya ndani kwa vidole viwili, unaizungusha ile ya nje karibu na sikio. Nzima inapita kimya, inaendelea kuzunguka hata wewe umeshaanza kufikiria mengine. Feki ina mkwaruzo, mdogo sana, pale pale kila ikizunguka. Vijana wa mauzo hawausikii. Mimi nausikia mpaka feni ikiwa inawaka. Siku moja nimekataa katoni nzima mlangoni, msambazaji ananiita mzee mkorofi, mkurugenzi kanipigia simu kunifokea, na mimi bado nina moja sikioni naizungusha.

Mpwa wangu akainua kalamu juu. "Anko! Hiyo hapo!"

Nikamkatalia. Mimi sikuzaliwa nalilia beringi. Niliingia pale kwa sababu binamu wa baba alikuwa mlinzi, akasikia wanatafuta kijana wa kubeba maboksi. Nilibeba maboksi. Kilichofuata ni masikio kuzoea, na kuzoea kukiitwa wito, basi hata ngozi ngumu ya kisigino ni wito. Yeye akaandika tu, kwa herufi kubwa, akazungushia.

Akaniletea na miduara minne. Aliichora kwa kutumia kifuniko cha sufuria ya mke wangu: unachokipenda, unachokiweza, dunia inachokihitaji, unachoweza kulipwa. Pale katikati inapokutana, akasema, ndipo Wajapani wanapokaa, ndiyo maana wanaishi miaka mia. Sasa hapa nilikuwa nimejiandaa. Miduara ile haikutoka Japani. Aliyeichora ni Mhispania, Andrés Zuzunaga, na fani yake ni unajimu. Mwaka 2014 Mwingereza mmoja, Marc Winn, akalitoa neno lililokuwa katikati, akaweka la Kijapani, na dunia ikameza. Unajimu sisi tuliuzoea. Tulikuwa na marehemu Sheikh Yahya Hussein, na yeye angalau nyota yako alikusomea mwenyewe. Hakukupa kazi ya nyumbani.

Swali la mwisho kabisa lilitaka nijiwazie siku ya maziko yangu: watu wamekusanyika, ungependa waseme nini juu yako? Mke wangu aliposikia likisomwa alitoka jikoni na ufagio. "Sitaki uchuro ndani ya nyumba hii." Ikabidi tuhamie barazani na kusema kwa kunong'ona.

Mpwa wangu alitegemea niseme waseme nilikuwa mwema, nilifuata ndoto, niligusa maisha ya watu. Nikamuuliza kama amewahi kwenda msibani. Msibani kwetu, kabla ya lolote la maana, anasimama mzee mmoja wa ukoo, anasafisha koo, anasema: kama kuna mtu yeyote anamdai marehemu, aje aonane na familia. Halafu panakuwa kimya, na watu wote mnaanza kuangalia huku na huko kwa pembe ya jicho muone nani atajikohoza. Mimi nataka kimya kile kipite salama. Asisogee mtu. Asishike mtu mfuko wa shati. Hata mwenye duka, hata yule wa kikoba. Nikipata hilo, hayo mengine ya kusifiwa wanaweza kuruka wakaenda moja kwa moja kwenye wali.

Alifunga daftari, akasema majibu yangu yana "vizuizi vya fedha", na kwamba hilo ni jambo la kawaida, linatibika. Kuna awamu ya pili ya semina mwezi ujao, kochi yule yule, siku mbili, chai na vitafunwa ndani yake, na jina langu ameshaliandikisha. Nikauliza kiasi gani. Akasema laki moja na nusu, lakini nikiwahi kulipa naondolewa elfu kumi.

"Waambie pesa si tatizo," nikasema. "Wanifundishe bure."

Akaangalia daftari, akaniangalia mimi.

"Anko," akasema, "kwao ni tatizo."