Butura ya Sala

Pale njia panda ya Omurushaka, Karagwe, Nyani alikuwa mlanguzi. Kahawa aliinunua kwa butura, ingali maua mtini. Mwenye mti akija kuvuna, anavuna mali ya Nyani. Msimu mmoja mvua ikachelewa, naye akapanua biashara: akaanza kununua sala.

"Niandikie sala zako za mwaka mzima sasa hivi," alisema, "mimi nitakutolea mvua kwa Mwenye Shamba."

Mbuzi akachovya ukwato kwenye wino, akaubandika kwenye kauntabuku: sala mia tatu kwa mvua tatu. Kuku, ambaye hata shamba hana, aliweka rehani sala za vifaranga ambao hawajaanguliwa.

Ndipo akashuka Korongo, yule mweupe anayekimbia baridi ya Ulaya kila mwaka. Safari hii alikuwa amepumzika Mbale, Uganda, ambako Semei Kakungulu na watu wake walishika dini ya Kiyahudi mwaka 1919, na jamii yao, Abayudaya, ingali pale. Aliisoma ile kauntabuku, akacheka hadi mdomo ukagongana.

"Kulikuwa na mzee wa Kiyahudi, Martin Buber, mzaliwa wa Vienna. Mwaka 1923 aliandika kwamba kiumbe husimama mbele ya mwingine kwa namna mbili. Kuna mimi na kile: Mbuzi na jani. Halafu kuna mimi na wewe. Mwenye Shamba hawi kile hata siku moja. Ukimgeuza ghala, ujue unasalia ghala."

Akavuta pumzi. "Na Abraham Joshua Heschel, mwaka 1955, akasema Mwenye Shamba ndiye anayetutafuta. Tangu kule bustanini anauliza: uko wapi?"

Nyani akakuna kidevu, akafungua ukurasa mpya.

"Wewe ya kawaida, shilingi mia tano. Wewe ya kupiga magoti, elfu moja."

Foleni ikafika barabara ya Nkwenda. Tusimsakame Nyani peke yake. Hakumshika mtu mkono kumleta pale.

Saa kumi jioni akaja mzee mmoja pekupeku, vumbi jekundu hadi magotini. Hakuwa na debe wala kadi. Alipita akimtazama kila mmoja usoni, akasimama kwa Mbuzi.

"Uko wapi?"

"Namba nne," Mbuzi akajibu bila kugeuka. "Na wewe nenda nyuma huko, mzee. Wenzako tuko hapa tangu alfajiri."