Kombe kwa Leseni: Barua ya Tacoma kwa Shangazi wa Gazi

Kwako Shangazi, na wote watakaosomewa barua hii barazani,

Huku sote tu wazima wa afya, ila baridi, ambayo kwa sheria za hapa haihesabiwi kuwa ugonjwa. Pesa za mwezi huu zimeingia kwenye M-Pesa yako juzi. Ukiziona zimenyauka kidogo usimlaumu wakala. Zilipitia dukani kwanza, kukata leseni ya kombe.

Ndiyo, leseni. Ya kuokota kombe. Najua hapo umemwambia anayekusomea arudie, basi na arudie.

Wewe kwa hesabu zako unaangalia mwezi. Ukiandama, au ukiwa mpevu, unajua bamvua limefika na maji yatapwa vizuri kwenye saa nne asubuhi. Unajifunga leso, unachukua ndoo na chuma chako cha pweza, unashuka mwambani na wenzako. Kusi likivuma mnapunguza, kaskazi ikituliza maji mnaongeza. Kamati nzima ni mwezi, upepo na magoti yako. Huku mwezi hauaminiki mpaka Idara ya Samaki na Wanyamapori ya jimbo la Washington iutolee tangazo. Idara inataja ufuo kwa jina, siku kwa tarehe, na saa ya maji kupwa. Fukwe zenyewe ni tano: Long Beach, Twin Harbors, Copalis, Mocrocks na Kalaloch, na kila mmoja una kalenda yake. Msimu ni wa kuanzia Oktoba au karibu na hapo mpaka Mei, lakini usidhani ufuo u wazi miezi yote hiyo. Wanafungua siku chache, wanafunga, wanapima, wanafungua tena. Msimamizi wangu kazini hajui Idi ni lini mpaka nimkumbushe kila mwaka, ila kalenda ya kombe ameihifadhi juzuu nzima, na siku hizo haonekani.

Leseni inamhusu kila aliyetimiza miaka 15. Mtu mzima mwenye ndevu zake anapanga foleni dukani, kwenye kaunta ile ile wanapouza chambo na ndoana, anatoa kitambulisho, anaulizwa urefu wake, uzito wake na rangi ya macho yake. Nilimuuliza muuzaji kama ni kombe ndiye aliyeomba kujua. Hakucheka. Alinipa risiti ndefu na kunitakia bahati njema. Na nyinyi watu wa Gazi, mnaouza hewa ya mikoko kwa Wazungu kupitia mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013, hamna ruhusa hata kidogo ya kunicheka mimi niliyenunua ruhusa ya kuinama mchangani.

Kuna na masharti. Mwisho ni kombe 15 kwa kichwa kwa siku, na ni wale 15 wa kwanza kuwachimba: mdogo, mkubwa, mzima, aliyepasuka. Huruhusiwi kumrudisha mdogo ili umtafute mnono. Hapo nilikuwaza wewe sokoni Msambweni, unavyozibonyeza nyanya moja moja mpaka muuzaji aanze kusoma Ya Latif. Huku ungekuwa na kesi. Halafu kila mtu na chombo chake. Huwezi kuchimba ukatia kwenye ndoo ya mumeo, wala mumeo hawezi kukuchimbia nawe umekaa garini unapiga soga. Askari wa idara wanapita na tochi, wanamulika ndoo na kuhesabu. Nimemwona babu wa makamo ya juu kabisa akihesabiwa kombe zake mbele ya wajukuu, akasimama kimya mpaka hesabu ikaisha, wakaagana kwa adabu.

Safari yenyewe tulikwenda watu watatu: mimi, jirani yangu Mmarekani aliyestaafu, ambaye amenikataza kabisa nisimwite Mzee, na jamaa mmoja wa Uvira ninayefanya naye kazi. Kutoka Tacoma mpaka ufuo wa Copalis ni mwendo wa kama saa mbili kwa gari. Oktoba na Novemba maji mazuri ya kupwa huwa jioni na usiku. Ya asubuhi ni mpaka majira ya kuchipua. Kwa hiyo tulifika jua linazama, mvua inanyesha kwa mshazari, na jirani yangu akaanza kuvaa. Alivaa suruali ya mpira inayopanda mpaka kifuani, koti juu ya koti, taa ya kichwani, glavu, na shingoni akaning'iniza taa nyingine. Ungemwona ungedhani anakwenda kuifunga bahari yenyewe.

Gari halikuishia juu, Shangazi. Liliteremka mpaka mchangani likaendelea, maana ufuo wa huku kwa sheria ni barabara ya serikali, na mwendo wa mwisho ni maili 25 kwa saa. Hebu fikiria Diani, kuanzia Kongo mpaka Galu, magari yanapishana na ngamia wa watalii, na polisi ana mashine ya kupima mwendo nyuma ya mnazi. Huku hakuna ngamia wala mnazi, na mchanga ni wa kijivu. Hakuna mwamba wa matumbawe wa kuyavunja mawimbi. Pasifiki inakuja yenyewe nzima nzima. Lakini giza lilipoingia, kila mtu na taa yake, ufuo ukawaka kama mkesha wa Maulidi.

Jamaa wa Uvira alikulia kando ya Ziwa Tanganyika, ambako maji yakikaa yamekaa. Alipoyaona yanarudi nyuma alisimama akauliza yanakwenda wapi, yatarudi saa ngapi, na nani ameyaruhusu. Nikamwambia kwa nchi hii swali la tatu ndilo lenye uzito.

Sasa kombe mwenyewe. Urefu wake ni kadiri ya kiganja, mwembamba, gamba lake la kahawia linang'aa na ni jepesi kuvunjika. Likivunjika linakata, na vidole vyangu viwili ni mashahidi. Hapandi juu ya mchanga ukamwokota. Unatafuta alama yake, kijishimo kidogo kadiri ya sarafu, pale alipovuta shingo yake ndani. Kuna watu wa koleo na kuna watu wa bomba. Sisi tulikuwa wa bomba. Ni mrija mnene ulio wazi chini, una mkono wa kushikia juu, na pembeni mwa mkono una tundu dogo la hewa. Unausimamisha juu ya alama, unauzungusha huku unausukuma mpaka uzame, unaziba tundu kwa kidole, unavuta kwa nguvu zako zote na baadhi ya nguvu ulizopanga kuzitumia kesho. Nguzo nzima ya mchanga inatoka. Unaachia kidole, mchanga unaporomoka, unapekua. Naye kombe wakati wote huo hajakaa kukungoja. Ana mguu mmoja wa nyama, anauchomeka chini, ncha yake inatanuka na kushika mchanga, anajivuta wima, anazama. Ukizubaa unabaki na shimo linalojaa maji, na mtoto wa miaka minane kando yako amekwishafika kumi.

Wageni wa mjini, hao wenye mabomba mapya yenye lebo za bei, ndio walionichekesha zaidi. Mmoja alikuwa anapiga picha kila kombe kabla ya kumtia ndooni. Mwingine alianguka kwenye wimbi, akainuka, jambo la kwanza akapapasa mfuko wa leseni.

Kuna jambo moja ambalo halina mzaha hata kwa wenyewe, nalo ni kupima. Kombe hawa wanaweza kubeba sumu iitwayo asidi ya domoiki. Inatengenezwa na vijimea vya baharini visivyoonekana kwa macho. Kombe anavila, sumu inakaa mwilini mwake, naye haimdhuru. Kupika hakuiondoi, kugandisha hakuiondoi. Inashambulia ubongo mpaka mtu akasahau. Jamaa wa Uvira aliuliza kama yaweza kuelekezwa kwenye madeni tu. Jirani yangu hakutabasamu. Mwaka 1987 huko Prince Edward Island, Kanada, zaidi ya watu 100 waliugua kwa kula kome. Wengine walikufa, na wengine walipona miili lakini kumbukumbu haikurudi. Mwaka 1991 sumu hiyo hiyo ikaonekana kwenye kombe wa pwani hii. Tangu hapo nyama hupelekwa maabara kabla ufuo haujafunguliwa, na ikizidi sehemu 20 kwa milioni, leseni yako inageuka karatasi ya kufungia karanga. Mwaka 2015 bahari ilipopata joto lisilo la kawaida, fukwe hizi zilifungwa, na kaa nao wakaguswa, kutoka huku mpaka California.

Wenyeji wa asili wana fungu lao. Taifa la Quinault liliandikiana mkataba na serikali katika karne ya 19, na serikali ikausahau bila hata kula kombe. Mwaka 1974 Jaji George Boldt aliamua kwamba makabila yenye mikataba yana haki ya nusu ya samaki. Mwaka 1994 Jaji Edward Rafeedie akaifikisha haki hiyo kwenye kombe na chaza. Kwetu hatukungoja jaji. Hifadhi ya bahari ya Diani–Chale ilipotangazwa mwaka 1995, wavuvi waliikataa kwa midomo yao wenyewe, na mpaka leo inaishi kwenye makaratasi tu.

Chaza nao wana vituko vyao: ukiwavuna ni lazima uwabandue pale pale pwani na kuyaacha magamba, kwa sababu wachanga wa chaza huja kushikilia juu ya magamba ya wakubwa. Hilo nalikubali.

Nyumbani tuliwachovya kwenye maji ya moto mpaka magamba yakaachia, tukawatia maji baridi, tukakata ncha ya shingo na kutoa matumbo. Jirani yangu anawazungushia unga wa mkate anakaanga. Mimi nilitafuta tui la kopo, kitunguu, ndimu na pilipili, nikafanya ulivyonifundisha. Nyama yake ni tamu, inatafunika kama pweza aliyepigwa sawasawa. Jirani yangu aliramba sahani. Jirani yetu Msomali wa ghorofa ya juu alichungulia sufuria, akauliza kwa upole kama kuna kuku.

Sasa nije kwenye lililonitia kalamu mkononi. Uliniambia kwenye simu kuna maneno ya kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi, pweza apumzike, na kwamba kijana mmoja aliyesoma alisimama akasema Ulaya na Marekani ndivyo wanavyofanya. Shangazi, wanafanya, nimeona kwa macho yangu. Lakini wanafanya kwa mchezo. Jirani yangu ufuo ukifungwa hununa jioni moja, kisha anaagiza pitsa. Kwako mwamba ukifungwa, mama karanga, mkaanga samaki, hana cha kutia kwenye mafuta, na ada ya shule haingoji pweza anenepe. Msimu ni mwepesi sana kwa mtu anayechimba kujifurahisha. Mwenye mfano wa Marekani mwambie akae.

Mfano wa karibu upo, nao ndio wa kusikiliza. Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, wanakijiji walianza kufunga sehemu ya mwamba mwaka 2004. Baadaye Pemba, kule Kisiwa Panza, na Pate ya Lamu nao wakajaribu. Pweza haishi sana, kama mwaka na ushei, lakini kukua anakua mbio. Ukimwacha miezi michache uzito wake unapanda sana. Hao ni watu wa ndoo na chuma kama wewe, na hawakufunga bahari nzima. Walifunga kipande, wakabaki na pengine pa kuvua.

Kwa hiyo nakuomba usiende kikaoni kukataa tu. Nenda na masharti. Kipande kifungwe wakati wa kusi kali, ambapo hata hivyo hamshuki sana. Kamati iwe na wanawake wanaotembea mwambani kwa miguu, wasiwe wenye boti peke yao. Na siku ya kufungua, ambayo ndiyo siku ya hatari, kuwe na kiwango kwa kila kichwa, kila mtu na ndoo yake, kwa sababu siku hiyo ndipo wazamiaji wa mbali na wachuuzi wenye mizani wanapofika, wakala kwa asubuhi moja mlichokifungia mikanda kwa miezi. Hilo la ndoo ndilo pekee la huku ninalokutumia. Leseni waachie wenyewe.

Kikao kikiisha nipigie siku hiyo hiyo unieleze walivyojibu. Piga ukishaswali Alfajiri. Huku itakuwa jioni ya siku ya nyuma, nami nitakuwa nimetoka kazini.

Mimi mwanao,
Tacoma