Tingatinga la Mtumba

Hongera, mzee, kwa kununua tingatinga kuukuu la kung'olea visiki kwenye ekari zako tatu. Rangi ya njano inang'aa hadi kutu imeona haya. Muuzaji kaapa injini haijawahi kufunguliwa. Hukumuuliza kama imewahi kuwaka asubuhi. Minyororo na rola, vinavyoweza kumeza nusu ya gharama za matengenezo, hukuvitazama: ulikuwa kitini unapigwa picha.

Usijali, una wakubwa waliokutangulia. Mwaka 1947 Waingereza walileta Kongwa matrekta ya minyororo yaliyobaki vitani, mengine kutoka Ufilipino, ili walime karanga. Kufikia 1951 mradi ulishakufa, na mamilioni ya pauni yakafutwa vitabuni. Wao walikuwa na hazina ya serikali. Wewe una mkopo wa SACCOS.